Katharine Hepburn anaponyamaza

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za jioni. Na ninyi vijana mliokaa sakafuni kwa kukosa viti, ahsanteni kwa uvumilivu. Mwenyekiti aliniomba nizungumze kuhusu mwigizaji mmoja wa sinema za zamani za Marekani, yeyote nimpendaye. Sikuhitaji hata usiku mmoja wa kufikiri. Nimemchagua Katharine Hepburn, mwanamke ambaye nimemtazama kwa zaidi ya miaka arobaini, na mpaka leo nikimtazama namkuta akifanya jambo ambalo sikuliona mara ya kwanza.

Nianze Kigoma, kwa kuwa ndiko nilikomjulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa binti wa shule ya msingi, na pale parokiani kulikuwa na padri mwenye projekta. Jumamosi mojamoja alitundika shuka jeupe ukutani, jenereta likaanza kunguruma nje, na sisi watoto tukajipanga mbele kabisa, shingo juu. Siku hiyo tulitangaziwa kwamba italetwa picha inayohusu ziwa letu na meli yetu. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani.

Meli yetu ni Liemba. Kwa msiotoka upande wa kwetu: Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, walipoona wanazidiwa, waliizamisha wenyewe, mitambo wameipaka grisi nzito isile kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina hili tunalolijua. Mwandishi C. S. Forester alichota kwenye vita vile vya ziwani akatunga riwaya mwaka 1935, na mwaka 1951 mwongozaji John Huston akaifanya filamu, The African Queen. Ndiyo hiyo tuliyotundikiwa kwenye shuka.

Meli ya Wajerumani ilipotokea, mzee mmoja aliyekuwa fundi wa melini alisimama katikati ya ukumbi akasema kwa sauti, "Hiyo siyo Liemba!" Na alikuwa na haki, haikuwa Liemba. Kabla ya hapo akina mama wa kwaya walikwisha kuudhika. Filamu inaanzia kanisani, kijiji cha Kungdu, mwaka 1914. Mchungaji wa Kiingereza na dada yake wanaongoza ibada, dada anapiga kinanda na kuimba kwa nguvu zote, na waumini Waafrika wanababaika tu, hawajui maneno wala sauti. Mama mmoja nyuma yangu alisema, "Hawa wamewatoa wapi? Kwetu hata watoto wanaimba kwa sauti nne." Nitalirudia neno la huyu mama.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa yule mpiga kinanda. Alikuwa mwembamba, mifupa ya mashavu imechongoka, kola imefungwa mpaka kidevuni, jasho linamtiririka, na haachi kuimba. Sikujua jina lake. Nilijua tu kwamba sitaki atoke kwenye picha.

Mwanangu, tuwekee ile sehemu ya chai. Ahsante. Hapa wako mezani watu watatu: mchungaji Samuel, dada yake Rose, ambaye ndiye Hepburn, na Charlie Allnut, nahodha wa kiboti kichakavu cha mvuke, anayeigizwa na Humphrey Bogart. Tumbo la Charlie linaunguruma. Linaunguruma tena. Anajaribu kulieleza, anajikanyaga. Ndugu zangu, msimtazame Bogart, ingawa anachekesha kweli. Mtazameni Rose. Amesikia. Kila aliyeko mezani amesikia. Lakini malezi yake hayamruhusu kusikia, kwa hiyo shingo inanyooka, macho yanatua kwenye birika, na mkono unaendelea kumimina chai kana kwamba duniani hakuna kitu kinachoitwa tumbo. Hapo ndipo mnapomfahamu mwanamke huyu: alikolelewa, alichojinyima, na kiasi gani amechoka kujinyima. Hakuna aliyetuambia hayo kwa maneno.

Simamisha hapo. Hili ndilo nililokuja kulisema leo. Hepburn anasifiwa kwa ulimi wake, na ni sifa ya haki. Sauti yake ilikuwa kavu, kali, ya kasi, yenye lafudhi ya watoto wa matajiri wa New England, na wengi waliomwiga walimwiga sauti hiyo. Lakini mimi naamini ukuu wake uko pale anapofunga mdomo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya ninachokisema mimi hakingoji mshindo. Ni kimya cha mtu anayesikiliza, au anayemeza kitu, au anayegundua jambo juu ya nafsi yake mbele yetu na hajapata jina la kulipa.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 huko Hartford, Connecticut. Baba yake alikuwa daktari, mama yake mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura, na baadaye haki yao ya kupanga uzazi. Ilikuwa nyumba ya mabishano, watoto sita mezani, na kila mtoto alitakiwa awe na hoja. Ulimi ule aliupata hapo. Na kimya, kama mtaniruhusu, alikipata mwaka 1921, alipokuwa na miaka 13, siku alipomkuta kaka yake mkubwa Tom amefariki katika nyumba ya rafiki wa familia mjini New York. Kwa miaka mingi baada ya hapo alitaja tarehe 8 Novemba, siku aliyozaliwa Tom, kuwa siku yake mwenyewe ya kuzaliwa. Aliusema ukweli hadharani katika kitabu cha maisha yake, mwaka 1991. Sitaki kufanya uganga wa kuunganisha kila chozi lake la sinema na msiba ule; hilo si haki kwa fundi yeyote. Nasema tu kwamba huyu alikuwa mtu aliyejua kubeba kitu kwa muda mrefu bila kukisema.

Alimaliza chuo cha Bryn Mawr mwaka 1928 akaingia jukwaani, na mwaka 1932 Hollywood ikampa jaribio la kamera. Mwongozaji George Cukor, ambaye baadaye alikuja kufanya naye filamu nyingi kuliko mwongozaji mwingine yeyote, alieleza kilichomfanya amchague. Alimwona msichana mwenye mambo mengi ya kumkera. Kisha katika jaribio lile akainama, mgongo ameupa kamera, akaiweka glasi sakafuni. Basi. Cukor aliona huzuni nzima katika ile namna ya kuiweka glasi. Ndiyo maana nasema tangu siku ya kwanza alijulikana kwa tendo lisilo na neno wala uso. Hata vijana wangu wa shule, nilipokuwa nafundisha maigizo, niliwasimulia glasi hiyo kila mwaka, kwa sababu kila mwaka alikuwapo mmoja aliyedhani kuigiza ni kupaza sauti.

Filamu yake ya kwanza, A Bill of Divorcement, ilitoka mwaka huohuo, na mwaka uliofuata akacheza Morning Glory, iliyompa Oscar ya kwanza. Mimi namtafuta zaidi katika Alice Adams ya mwaka 1935. Alice ni binti wa nyumba ya kipato kidogo, anajipenyeza kwenye karamu ya wakubwa. Hana fedha za kununua shada, kwa hiyo kachuma maua ya zambarau mwenyewe, kayafunga vizuri. Sasa yuko kwenye karamu, hakuna anayekuja kumwomba acheze, na maua yanaanza kunyauka mkononi. Nani kati yetu wanawake hajawahi kukaa kwenye kiti cha namna hiyo, harusini, ukichezesha bega kidogo ili uonekane unafurahia muziki? Anatabasamu kwa watu wasiomtazama. Anageuza shingo kama aliyeitwa. Anahangaika na yale maua mpaka ayafiche wasiyaone. Kisha akirudi nyumbani anasimama dirishani, mvua inateremka juu ya kioo, na ule uso wote alioushikilia usiku kucha unaachia. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu nilipoiona mara ya kwanza, na niliona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyeonekana.

Stage Door, mwaka 1937, inafundisha kitu kingine. Hapo ni Terry, tajiri anayetaka kuwa mwigizaji, na katika mazoezi ana sentensi moja kuhusu maua ya kala kuchanua tena. Anaisema vibaya, kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa. Msichana mwenzake Kay, mwenye kipaji cha kweli na aliyeitamani nafasi ile kuliko uhai wake, anajiua usiku wa onyesho la kwanza. Terry anapewa habari muda mfupi kabla ya kupanda jukwaani. Anapanda, maua mikononi, na anasema maneno yaleyale. Hakuna hata moja lililobadilishwa. Ila safari hii kabla ya kila neno kuna pumzi, na katika ile pumzi mnamsikia Kay. Mwanafunzi wa uigizaji akiniuliza tofauti ya kukariri na kuigiza, namwekea sehemu hizo mbili moja baada ya nyingine, nami nanyamaza.

Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimweka kwenye orodha ya mastaa waliowaita sumu kwenye mauzo ya tiketi. Hakuwa peke yake, hata Greta Garbo, Marlene Dietrich na Fred Astaire walitajwa. Watu walimwona ana majivuno, anavaa suruali wakati wanawake wa Hollywood walitakiwa kuvaa gauni, hataki kusaini daftari za mashabiki, hataki mahojiano. Alirudi kwao Connecticut. Septemba mwaka huo kimbunga kikaisomba nyumba ya familia iliyokuwa ufukweni Fenwick. Mtu mwingine angesema yametimia. Yeye akachukua tamthilia ambayo Philip Barry alimwandikia, The Philadelphia Story, akaicheza New York mwaka 1939 ikajaza watu, na kwa kuwa Howard Hughes alikuwa amemnunulia haki za filamu, studio iliyoitaka ilibidi imchukue na yeye mwenyewe. Filamu ikatoka 1940, na habari ya sumu ikaishia hapo.

Tracy Lord, mhusika wake katika filamu hiyo, ni binti mwenye maneno kuliko wote. Lakini kuna mahali baba yake anamwambia usoni kwamba ana akili, ana sura, ana kila kitu isipokuwa moyo wenye kuelewa. Mimi maneno ya baba yule siyapendi. Ni mzinzi anayemtupia mwanawe lawama za dhambi yake, na filamu inamwachia apite. Hepburn, hata hivyo, anayapokea kwa namna ambayo inamshinda aliyeyaandika. Hajitetei. Kichwa kinabaki juu, kama kawaida yake, na chini ya kichwa hicho kila kitu kinaporomoka. Shingo ile, jamani! Ningekuwa mshairi ningeitungia shingo ya Hepburn beti saba.

Turudi ziwani, maana bado nina deni na yule mama wa kwaya.

Mnajua hadithi inavyoendelea. Askari wa Kijerumani wanachoma kijiji, mchungaji anapigwa, akili inamruka, anafariki. Charlie anakuja, wanamzika, na Rose anapanda kiboti. Ndiye anayeleta wazo la kushuka mto wenye maporomoko mpaka ziwani na kuizamisha meli ya Wajerumani kwa milipuko ya kujitengenezea. Baada ya poromoko la kwanza Charlie anangoja kumwona amezirai au analia. Rose ameketi kwenye usukani, amelowa, kofia imekwenda upande, mdomo wazi kidogo, na uso unawaka kama wa mtoto aliyeruka kutoka juu ya mwembe na kutua salama. Kwa sura tu, kabla hajasema kitu, anatuambia kwamba miaka yote ile ya kola na kinanda hakuwahi kujua kuwa ana mwili.

Halafu kuna ile gini. Charlie amelewa, amemtukana, ameivunja ahadi ya kushuka mto. Asubuhi anaamka kichwa kinamgonga, anamwona Rose amekaa kwenye ukingo wa boti anamimina chupa mtoni. Chupa moja, anaitupa. Nyingine. Kasha zima. Kisha anafungua Biblia, anasoma. Charlie ananyoa ndevu, anasafisha boti, anaongea habari za hali ya hewa, anabembeleza. Rose amenuna. Sisi tunaijua silaha hii, tumelelewa nayo, tunajua namna inavyojaza nyumba mpaka mtu akaomba agombezwe tu yaishe. Lakini tazameni anavyoinuna Hepburn: hakuna kinyongo usoni, hakuna midomo iliyobinuliwa. Amekaa kama mtu aliyefunga duka akaondoka na ufunguo. Na Charlie akidhani ameadhibiwa kwa ulevi, anakuja kuambiwa kwamba hapana, kosa lake ni ahadi.

Na yale matete. Boti imekwama, Charlie ana homa, mifupa ya mashavu ya Rose imetokeza. Anasali sala fupi, anamwomba Mungu awahukumu kwa upendo wao, siyo kwa udhaifu wao, kisha analala chini. Kamera inapanda juu taratibu na sisi tunaona kisichoonwa na wao: ziwa liko palepale, hatua chache mbele ya matete. Usiku mvua inanyesha huko milimani, maji yanajaa, boti inainuka. Mungu si Athumani. Ukumbi mzima wa Kigoma ulipiga makofi.

Filamu hiyo ilipigwa sehemu kubwa huku kwetu. Kwanza mto Ruiki, kwenye Kongo ya Wabelgiji, karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, juu ya Kisangani, mahali ambapo hata wakati huo Kiswahili kilisikika. Kisha Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Siafu waliwavamia kambini. Kiboti kilizama kikaibuliwa. Hepburn, aliyekuwa na miaka 44, alikunywa maji kwa wingi ili kuwakemea Huston na Bogart kwa wiski zao, na maji yakamwangusha kwa kuhara na kutapika, wakati wanywa wiski walibaki wazima. Ile sehemu ya kanisani, na kinanda, aliipiga akiwa mgonjwa hivyo, ndoo iko karibu yake nje ya picha, anaigeukia kati ya mkupuo mmoja na mwingine. Aliyaeleza mwenyewe katika kitabu alichokitoa mwaka 1987. Jasho nililoliona nikiwa mtoto lilikuwa jasho kweli.

Katika kitabu hicho anasimulia pia kwamba mwanzoni Huston aliona anamcheza Rose kwa uso mzito mno. Akamwendea akamwambia: mkumbuke Eleanor Roosevelt anavyotembelea askari majeruhi hospitalini, anavyotabasamu kwa ajili yao. Hepburn alilihesabu hilo kuwa agizo bora kuliko yote aliyowahi kupewa na mwongozaji. Tangu hapo Rose anatabasamu kama anayefanya kazi ya huruma, na tabasamu hilo linamsaidia kuficha, na sisi tunaona analoficha.

Sasa deni langu. Yule mama alikuwa sahihi, na mapenzi yangu kwa Hepburn hayanizuii kulisema. Watu wa Kungdu hawana majina. Wanababaika kwenye wimbo, wanachomewa nyumba, wanakimbia, na kamera haiwafuati tena hata mara moja. Babu zetu wa pande za ziwa walisombwa na majeshi ya pande zote mbili kubeba mizigo ya vita ile, na wengi hawakurudi. Kimya cha Rose kina mpiga picha wake, Jack Cardiff, anayekisogelea na kukipa mwanga. Kimya cha wale wengine kimeachwa porini. Ni kimya cha kunyang'anywa sauti, na nimeishi na filamu hii muda mrefu kiasi kwamba siwezi kuona kimoja bila kukiona kingine. Ningetamani siku moja kijana wa hapa atuandikie filamu ya mpagazi mmoja wa Kigoma, anywe chai yake naye, na kamera imngoje.

Mwaka 1955 David Lean alimpeleka Venice kwa Summertime. Yeye ni Jane, katibu wa ofisi kutoka Ohio, msimbe, aliyeweka akiba miaka mingi kwa safari moja. Anakaa mkahawani kwenye uwanja mkuu, peke yake, jioni, wawiliwawili wanapita. Anaogopa kuonekana mpweke. Basi anakiinamisha kiti cha jirani kikaegemea meza, kama kimeshikiwa mtu anayekuja. Mwanaume anayempenda anatokea, anaona kiti, anadhani ana mwenzake, anainamisha kichwa kwa heshima na kuondoka zake. Jane anamwona akiondoka. Mkono unanyanyuka kidogo, unarudi. Hawezi kumwita, kwa sababu kumwita ni kukiri kwamba kiti ni uongo. Nimewahi kuona tamthilia za saa tatu zenye maneno elfu kadhaa kuhusu upweke ambazo hazikufika pale kilipofika kiti hicho. Katika filamu hiyohiyo aliangukia mferejini mwenyewe, bila mtu wa badala, na maji machafu yalimwachia ugonjwa wa macho uliomsumbua maisha yake yote.

Yako mengine mengi, nayapita haraka kwa kuwa saa inanikimbiza. Mary Tyrone, mama anayezama katika mofini, katika Long Day's Journey Into Night, mwaka 1962. Malkia Eleanor wa Aquitaine katika The Lion in Winter, 1968, aliyegawana Oscar na Barbra Streisand kwa kura sawa. Bibi Ethel kando ya ziwa katika On Golden Pond, 1981, mikono na kichwa vinatetemeka wala hafichi. Oscar nne za mwigizaji bora wa kike, na hapana mwigizaji mwingine aliyefikia nne, mwanamume wala mwanamke. Hakwenda kuchukua hata moja. Alifariki tarehe 29 Juni 2003, akiwa na miaka 96, palepale Fenwick, katika nyumba iliyojengwa upya baada ya kimbunga.

Nimebakiza moja, nayo ndiyo tutakayoitazama pamoja kabla ya kuagana.

Mwaka 1941 alikutana na mwigizaji Spencer Tracy walipokuwa wakitengeneza Woman of the Year. Walifanya filamu tisa. Tracy alikuwa Mkatoliki, ana mke, wala hakumwacha. Yeye na Hepburn waliishi mapenzi yao kwa siri iliyojulikana na wote na kuheshimiwa na wote kwa muda wa miaka 26. Tracy alipoanza kuumwa sana, Hepburn aliacha kazi karibu miaka mitano amuuguze. Kisha ikaja Guess Who's Coming to Dinner, ya mzungu na mkewe ambao binti yao anawaletea mchumba mweusi, daktari, naye ni Sidney Poitier. Kampuni za bima zilikataa kumkatia Tracy bima, kwa hiyo Hepburn na mwongozaji Stanley Kramer waliweka rehani malipo yao wenyewe. Walimpiga picha saa chache kwa siku, nguvu zikiisha anarudi kulala. Alimaliza. Siku 17 baadaye, tarehe 10 Juni 1967, alifariki. Siku mbili baada ya hapo Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa za weusi na weupe. Hepburn hakwenda mazikoni, kwa heshima ya mke na watoto. Na alisema hakuwahi kuiona filamu hiyo ilipokamilika.

Sehemu tutakayoiona ni ya mwisho. Mama wa yule kijana, anayechezwa na Beah Richards kwa utulivu ambao nao unastahili mhadhara wake, amekwisha kumwambia mzee Tracy kwamba uzee umemsahaulisha maana ya kupenda. Tracy amelitafakari neno hilo. Sasa anawakusanya wote sebuleni awape jibu. Anazungumza dakika nyingi, na anafika mahali anasema kwamba hakusahau kitu, kwamba alichokuwa nacho kwa mkewe kipo, kizima, na kitabaki. Ni mzungumzaji mzuri sana. Sauti yake itawavuta. Nawaomba msiifuate. Mwacheni aseme. Nyuma yake ameketi mwanamke ambaye hana hata neno moja katika hotuba yote hiyo. Anajua kwamba huyu anayesema maneno haya hatafika mwisho wa mwaka. Mtazameni yeye.

Haya mwanangu, zima taa.